Maganda ya Risasi: Osha Mchanga, Usihangaikie Kung'aa

Ganda jeusi kwa moshi hufyatuka sawasawa na linalong'aa. Adui ni mchanga, na kiangazi cha Tabora hakikosi vumbi: punje moja ikinasa kwenye kalibu ya kurudishia ganda umbo lake huichora, na kila ganda litakalopita baadaye hutoka na mkwaruzo uleule. Kwa hiyo, kama una kibali cha kujaza upya maganda yaliyotumika, osha kwanza.

Ng'oa fataki iliyotumika (kiwashio kidogo cha baruti kilicho kitakoni mwa ganda) kwa sindano yake, bila kupitisha ganda kwenye kalibu. Changanya lita 1 ya maji ya uvuguvugu, kijiko 1 cha chai cha asidi ya sitriki na tone la sabuni. Loweka dakika 10 huku ukitikisa, kisha suuza mara mbili. Maganda yakilala humo kutwa, shaba yake, iliyochanganywa na zinki, hugeuka waridi kwa kupoteza zinki hiyo. Anika juani, midomo chini, mpaka yakauke kabisa. Unyevu huharibu baruti. Jiko la mkaa hapana: moto hulainisha kitako, na kitako laini kinaweza kupasuka usoni pako. Dawa ya kung'arishia yenye amonia nayo huitia shaba nyufa.

Faida kubwa ya kuosha ni kuona. Mstari mwangavu unaozunguka ganda juu kidogo ya kitako ni dalili ya kukatika. Pitisha ndani waya uliopindwa ncha. Ukinasa kwenye mfereji, tupa ganda. Shingo yenye ufa, tupa pia.

Sufuria uliyolowekea isirudi jikoni kamwe: masizi ya fataki huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.