Usiweke tundu la kurudishia hewa karibu na moto wa gesi

Kwa tunaoishi majimbo ya baridi Marekani, tanuri la gesi la kupasha nyumba joto mara nyingi hukaa besmenti (chumba cha chini ya nyumba), ubavuni mwa tangi la maji moto la gesi. Besmenti ikiwa baridi, watu hutoboa tundu palepale kando ya tanuri kwenye mfereji wa kurudishia hewa, yaani njia ambayo feni ya tanuri huvutia hewa ya nyumba ili ipashwe joto tena. Tafadhali usifanye hivyo. Feni ya tanuri ina nguvu. Ikivuta hewa hapo, moshi wa tangi uliopaswa kupanda bombani hushuka chumbani. Moshi huo unaweza kuwa na kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na feni hiyohiyo itaipeleka hadi wanakolala watoto.

1. Kwanza kabisa weka king'ora cha kaboni monoksidi kila ghorofa na nje ya vyumba vya kulala. Kikilia, tokeni wote, kisha pigeni 911 mkiwa nje.

2. Kagua mabomba. Tanuri lenye mabomba mawili ya plastiki, moja la kuingiza hewa na moja la kutoa moshi, halitegemei hewa ya chumba. Ila usiridhike mapema: tazama tangi. Likiwa na kofia ya bati iliyo wazi chini ya bomba la moshi, hatari ipo.

3. Pima. Kanuni za ujenzi za majimbo mengi zinataka angalau futi 10, yaani mita 3 hivi, kati ya tundu na moto au kofia hiyo. Hewa isivutwe kutoka bafuni wala gereji.

4. Zima tanuri, ziba tundu baya kwa bati na skrubu, kisha pitisha utepe wa foili. Utepe wa kitambaa hukauka ukabanduka. Funika pia mwanya wa filta (kichujio cha hewa cha tanuri), maana hapo mvuto ni mkali zaidi. Mwite fundi apime kama hewa inayorudi bado inalitosha tanuri.

5. Jaribu. Ukinusa gesi, usiwashe chochote. Toka nje upige simu. La sivyo, funga madirisha na milango ya nje, washa tanuri, feni za bafuni na jikoni, na mashine ya kukaushia nguo. Fungulia maji moto hadi tangi liwake, subiri dakika 5, kisha sogeza kijiti cha udi ukingoni mwa kofia. Moshi wa udi ukivutwa ndani ya kofia, sawa. Ukisukumwa nje, zima tangi, fungua madirisha, ita fundi.

Rudia jaribio kila unapobadilisha madirisha au kuongeza feni, kwa sababu nyumba iliyozibwa vizuri huupa moshi shida zaidi kutoka.