Jinsi ya kumfuatilia Max von Sydow kuanzia jukwaani, sio kuanzia Hollywood

Watu wengi wanamjua Max von Sydow, muigizaji wa Kiswidi, kama yule padri mzee wa The Exorcist, au yule mzee aliyezongwa na mizizi ya mti kwenye Game of Thrones msimu wa 6, basi wanaishia hapo. Ukisema ngoja nitafute zingine alizocheza unakuta ni zaidi ya mia, za Kiswidi, za Kidenmaki, za Kiingereza, za Kifaransa, unashika hii unaacha ile, mwisho unachoka unaenda kuangalia kitu kingine. Mi nilianza hivohivo na nikapoteza muda mwingi, ndo maana naandika hii.

Jambo kubwa ni moja. Huyu ni mtu wa jukwaani kwanza. Ukimuweka kichwani kama muigizaji aliyeajiriwa na jumba la maigizo, ambaye kiangazi kikifika ndo anakwenda kushuti muvi, basi utaelewa kwanini anasimama vile, kwanini anakaa kimya muda mrefu vile na bado humtoi macho, na kwanini hata alipozeeka alikuwa anakubali sehemu ya dakika kumi bila shida.

Kwaiyo anza na historia kidogo kabla hujabonyeza pleyi. Alizaliwa Lund, kusini mwa Sweden, tarehe 10 Aprili 1929, jina lake halisi Carl Adolf. Baba yake alikuwa profesa wa ngano na mila za watu pale chuo kikuu cha Lund, mama yake mwalimu. Hilo la Max alilichukua akiwa jeshini, alicheza onyesho akiwa kiroboto wa sarakasi anaitwa Max, jina likamganda. Kabla ya hapo akiwa bado kijana wa shule alipelekwa Malmö kuona tamthilia ya Shakespeare, akarudi nyumbani akaanzisha kikundi cha maigizo na wenzake. Alafu 1948 akaingia shule ya Dramaten, lile jumba la kifalme la maigizo pale Stockholm, akasoma mpaka 1951, na darasani alikuwa na watu kama Ingrid Thulin ambaye utakutana naye tena mbele.

Hapa watu wanaruka na hapa ndo patamu. Alivyomaliza shule hakukimbilia sinema. Alienda Norrköping na Linköping, kisha Helsingborg, na 1955 akafika Malmö. Sweden miji ina majumba yake ya maigizo, muigizaji anakuwa mwajiriwa, msimu unaanza vuli unakwenda mpaka majira ya kuchipua, leo unacheza mfalme, mwezi ujao unacheza mtumishi, mazoezi mchana, onyesho usiku. Kiangazi jumba linafungwa. Sasa pale Malmö mwongozaji alikuwa Ingmar Bergman, na yeye akifika kiangazi anawachukua waigizaji walewale, Bibi Andersson, Gunnel Lindblom, Ingrid Thulin, Max, wanakwenda kushuti muvi, alafu vuli wote wanarudi jukwaani. Yani zile picha zinazosifiwa dunia nzima zimetengenezwa na kikundi cha jukwaani kikiwa likizo. Mi nilivyolijua hili nikarudia kuziangalia zote upya.

Na jukwaa la Malmö lilikuwa kubwa sana, siku hizi ndo nyumba ya opera ya Malmö. Muigizaji akisimama pale bila kujua kutumia mwili na sauti, anapotea. Max alikuwa mrefu, mwembamba, sauti nzito, alijifunza kujaza sehemu ile bila kurusharusha mikono. Kumbuka hilo ukianza kuangalia.

Haya, anza na mwaka 1957 peke yake. Usianze na nyingine. Mwaka ule jukwaani alicheza Peer Gynt ya Ibsen na Alceste kwenye tamthilia ya Molière, zote chini ya Bergman, alafu kwenye sinema zikatoka mbili. Ya kwanza Det sjunde inseglet, yani muhuri wa saba, yeye ndo steringi, mpiganaji Antonius Block anayerudi kutoka vita vya msalaba na kukutana na Kifo ufukweni, wanacheza sataranji. Sehemu ya ufukwe ilishutiwa Hovs Hallar kule Skåne, nyingi iliyobaki ni studio za Råsunda karibu na Stockholm. Wakati inashutiwa kiangazi cha 1956 alikuwa na miaka 27 tu, na anaonekana kama mtu aliyechoka na dunia nzima. Angalia shingo na mabega, ndo yanabeba umri, uso haufanyi kazi kubwa.

Ya pili ni Smultronstället. Humo utamsubiri mpaka utajiuliza yuko wapi, alafu anatokea kidogo tu, muuza mafuta wa kituo cha barabarani. Daktari mzee anasimama kujaza mafuta, kijana anamtambua, anakataa hela yake kwasababu watu wa maeneo yale bado wanakumbuka wema aliowafanyia. Basi, sini imeisha. Ametoka kuwa steringi, sasa anajaza mafuta kwenye gari, na anaicheza kwa furaha ileile na heshima ileile kwa mzee Victor Sjöström aliyekaa mbele yake. Mi napenda hii sini kuliko zingine nyingi zenye mikelele. Hivo ndo jumba la maigizo linavyofanya kazi, hakuna sehemu ndogo ya kudharau, na usipoiangalia hii mapema utashangaa baadaye kwanini mtu mkubwa vile anakubali sehemu fupi kwenye muvi za Marekani.

Ukimaliza hizo mbili nenda 1960, Jungfrukällan. Naomba uiangalie ukiwa umetulia, ni nzito, binti anabakwa na kuuawa na baba yake ndo Max, anaitwa Töre. Kuna vipande viwili vya kurudia. Cha kwanza baba ameshajua wauaji wa mwanae wamelala ndani ya nyumba yake, anatoka nje peke yake mpaka kwenye mti mmoja mchanga aina ya birch uliosimama kilimani, anaukumbatia, anausukuma, anauyumbisha na uzito wa mwili wake wote mpaka unalala chini. Kamera ya Sven Nykvist iko mbali, uso huuoni vizuri. Huzuni yote iko kwenye mgongo na miguu. Cha pili mwishoni, anazungumza na Mungu akiwa ametupa mgongo, tunamuona kwa nyuma. Muigizaji mwingine angetaka tuone machozi, huyu anakupa mgongo na mikono tu na bado unavunjika moyo. Nakwambia ukiviona hivi vipande viwili umeshaelewa nusu ya kazi yake. Picha hii ilipata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

Za Bergman zilizobaki ziko nyingi (alicheza kumi na moja jumla), usizibugie wiki moja. Mi ningekwambia Nattvardsgästerna ya 1963, anacheza mvuvi anayeishi na hofu ya bomu la nyuklia, yuko kwenye skrini muda mfupi na anasema maneno machache mno, kazi yake ni kusikiliza mchungaji anayejisemea matatizo yake mwenyewe. Angalia anavyosikiliza, yani mtu anazidi kukata tamaa mbele yako bila kufungua mdomo. Alafu Skammen ya 1968 na Liv Ullmann, wanamuziki wawili kisiwani vita inawakuta, mwanaume mpole anageuka kuwa mtu wa kuogopesha kidogokidogo. Hizo zingine utazifikia kwa muda wako.

Sasa watu wanapenda kuruka kutoka Bergman kwenda moja kwa moja Hollywood. Usifanye hivyo, ukifanya utakosa kile ambacho kwangu ndo kilele chake, Utvandrarna ya 1971 na Nybyggarna ya 1972, za Jan Troell, kutoka riwaya za Vilhelm Moberg. Karl Oskar na mkewe Kristina, wakulima maskini wa Småland kusini mwa Sweden, mawe shambani kuliko udongo, wanapanda meli kwenda Minnesota, Marekani, katikati ya karne ya 19. Kila moja inapita masaa 3 kwaiyo panga jioni mbili, usiikate vipandevipande kwenye simu. Troell aliongoza, akashika kamera, akahariri mwenyewe, na inaonekana, kamera iko karibu na mikono yenye matope. Kwenye Nybyggarna kuna dhoruba ya theluji, Karl Oskar yuko njiani na mwanae mdogo anayeganda kwa baridi, anamchinja ng'ombe wake, anampasua tumbo na kumuingiza mtoto humo ndani apate joto. Hakuna hotuba, hakuna kilio, ni kazi ya haraka ya mkulima. Utvandrarna ikaingia kugombea Oscar ya filamu bora kabisa, sio ile ya lugha ya kigeni tu, jambo ambalo kwa picha ya Kiswidi ni kubwa sana.

Upande wa Kiingereza nitapita haraka maana hizo mtu anaweza kuzipata mwenyewe. Alikuwa anakataa ofa za Hollywood kwa muda, mpaka akakubali kucheza Yesu kwenye The Greatest Story Ever Told ya 1965. Kisha The Exorcist ya 1973, na hapa nataka ujue kitu kimoja, yule padri mzee anayetetemeka alichezwa na mtu ambaye hajafika hata miaka 45, mekapu ilimzeesha lakini pumzi fupi na hatua za kusitasita ni zake mwenyewe. Three Days of the Condor ya 1975 ni nzuri, muuaji mpole mwenye adabu. Flash Gordon ya 1980 alicheza mfalme Ming na alifurahia wazi, ni jukwaa tupu pale, mavazi makubwa na sauti kubwa. Na wakati huohuo jukwaani hakuacha, 1977 alikuwa Broadway na Bibi Andersson wa enzi za Malmö, 1981 akarudi tena Broadway na Anne Bancroft, na 1988 akacheza Prospero wa Shakespeare pale Old Vic, London.

Alafu simama kabisa kwenye Pelle erobreren ya 1987 ya Bille August. Lasse, mjane mzee wa Kiswidi, anashuka meli Bornholm, Denmark, na mtoto wake mdogo, kutafuta kazi, na bandarini hakuna anayemtaka, amezeeka na mtoto bado mdogo. Kuna sehemu mtoto anadhalilishwa na kijana msimamizi pale shambani, baba anaapa atakwenda kumfundisha adabu, anatoka kifua mbele, na akifika pale nguvu zote zinamuishia. Mtoto anaona. Huyu ni yuleyule aliyeangusha mti kwa mikono 1960, sasa mwili uleule mrefu unajikunja uonekane mdogo. Ndo maana nakwambia fuata mpangilio, ukiiona hii bila kumuona Töre kwanza unapata nusu tu. Ikachukua zawadi kuu ya tamasha la filamu la Cannes 1988 na Oscar ya lugha ya kigeni, na yeye mwenyewe akagombea ya muigizaji bora.

Sasa mambo ya vitendo. Tafuta kila picha kwa jina lake la asili, kwasababu majina ya tafsiri yanabadilika nchi hadi nchi na utajikuta unatafuta kitu kimoja mara mbili. Chagua sauti ya asili na maandishi chini, usikubali ile iliyoingiziwa sauti ya mtu mwingine hata kama inakurahisishia, sauti yake ni nusu ya kazi yake, na hata kama huelewi Kiswidi neno moja utasikia lini anashusha na lini anabana. Kwa kuhakiki nani kacheza nini na mwaka gani, taasisi ya filamu ya Sweden ina kumbukumbu yake mtandaoni inaitwa Svensk Filmdatabas, iko makini. Kwa upande wa jukwaa, Dramaten wana orodha ya maonyesho na waigizaji wao inaitwa Rollboken, na wakfu wa Bergman wameweka tamthilia zote alizoongoza pamoja na majina ya waliocheza. Maonyesho yenyewe ya miaka ile huwezi kuyaona, lakini fanya hivi: chukua daftari, andika mwaka, upande mmoja tamthilia alizocheza, upande wa pili muvi. Utaanza kuona mambo. Mtu aliyetoka kucheza Faust jukwaani 1958 ndo huyohuyo kwenye Ansiktet ya mwaka uleule, mfanya mazingaombwe Vogler.

Na hiyo Ansiktet usiiangalie peke yake. Vogler anajifanya bubu, ndevu za bandia, nywele za bandia, sehemu kubwa ya picha anazungumza na macho tu, pembeni yake yuko Ingrid Thulin yule wa darasa la Dramaten. Iangalie jioni moja, jioni ya pili weka Extremely Loud & Incredibly Close ya 2011, ambapo akiwa na miaka 82 anacheza mzee asiyeongea kabisa, anaandika kwenye vikaratasi na kufungua viganja vyenye "ndiyo" na "hapana", akagombea Oscar tena kwa sehemu hiyo. Miaka zaidi ya 50 kati ya hizo mbili. Ukifika anapofungua viganja zima sauti dakika kumi, uangalie mikono.