Kufundisha upanukaji wa ulimwengu kwa tyubu ya baiskeli

Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo tyubu iliyochoka haikosekani kwa fundi. Yangu huichukua mtaa wa Ngamiani. Kata ukanda wa upana wa kidole, upigilie msumari mwisho mmoja kwenye benchi, kisha weka alama za chaki kila baada ya sentimita 5. Msumari ni sisi, alama ni galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota. Mwanafunzi mmoja auvute taratibu hadi urefu uwe maradufu, mwenzake apime kwa rula. Alama ya kwanza ilikuwa 5, sasa iko 10. Ya nne ilikuwa 20, sasa iko 40: imesogea sentimita 20 kwa muda uleule. Iliyo mbali ndiyo inayokimbia zaidi, na ndilo alilolitangaza mwanaastronomia Edwin Hubble mwaka 1929.

Usiishie hapo. Tyubu inaonyesha kupanuka tu, haionyeshi kwamba kasi inaongezeka. Kwa hilo wapeleke ufukweni Raskazone usiku wa giza la mwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa wamewasha taa. Kwa taa mbili za nguvu moja, iliyo mbali mara mbili inakufikia na robo ya mwangaza. Ukiijua nguvu ya taa, mwangaza unakupa umbali. Taa za wanaastronomia ni supanova za aina ya Ia, nyota zinazolipuka kwa nguvu inayojulikana. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yalikuta zile za mbali zimefifia kuliko hesabu zilivyotaka. Ziko mbali zaidi, basi: uvutano ulitarajiwa kupunguza kasi ya upanukaji, kumbe inaongezeka.

Zamani nilikuwa nikifika hapa nasema "ni nishati ya giza", yaani kitu kisichoonekana kinachosukuma upanukaji, nafuta ubao. Siku moja msichana wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, na kama kanuni ya uvutano ndiyo iliyokosewa?" Nikamwambia akae. Nilimkosea sana, maana swali lake ndilo wanalohangaika nalo wanafizikia wa nadharia za uvutano uliorekebishwa.

Siku hizi nachora safu mbili ubaoni. Ya kwanza naandika Neptuni: sayari ya Uranus ilikuwa ikienda kombo, mwanaastronomia Mfaransa Le Verrier akapiga hesabu ya sayari isiyoonekana, na mwaka 1846 ikapatikana. Ya pili naandika sayari ya Zebaki. Nayo ilienda kombo, Le Verrier yuleyule akatabiri sayari nyingine, Vulcan, nayo haikuwepo kamwe. Kilichopungua kilikuwa kanuni ya Newton, akaikamilisha Einstein mwaka 1915. Nishati ya giza iko safu ya kwanza: kuna kitu hatujakiona. Uvutano uliorekebishwa uko ya pili: kanuni yenyewe ndiyo yenye kasoro.

Kisha wape kipimo. Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya uvutano kutoka nyota mbili za nyutroni (masalio mazito ya nyota zilizokufa) zilizogongana yalifika duniani, na miali ya gama, ambayo ni aina ya nuru, ikafuata baada ya sekunde 1.7 tu, baada ya safari ya miaka takriban milioni 130. Nadharia nyingi zilizotaka mawimbi hayo yatofautiane kasi na nuru zilianguka siku hiyo. Zilizobaki, kama familia ya f(R) inayobadilisha milinganyo ya uvutano ya Einstein, zinapimwa kwa namna galaksi zinavyojikusanya. Darubini ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, inafanya kazi hiyo.

Ligawe darasa pande mbili, wabishane dakika 20, kisha wabadilishane pande. Kanda za tyubu wape waende nazo nyumbani.