Jinsi ya kumtafuta babu aliyepelekwa Kanada akiwa mtoto, ukiwa Moshi

Dada yangu alipokuja kuposwa na Mkanada, wazee wetu Marangu walimuuliza shemeji swali moja tu la maana, wewe ni wa ukoo gani? Akajibu kwamba baba wa babu yake alishuka melini Kanada peke yake akiwa na miaka 10, yatima kutoka Uingereza, nyuma ya hapo hamna kitu. Wazee wakatazamana. Mtu hana kihamba, lile shamba la ukoo, cha babu yake, unamshika wapi? Basi kazi nikatupiwa mimi kwa vile nina duka la steshenari karibu na mnara wa saa na kompyuta ipo, na najua sio sisi peke yetu tumepata mashemeji wa namna hii, kwa hiyo naandika nilivyofanya.

Kwanza ujue ilikuwaje. Kuanzia 1869 mashirika ya hisani ya Uingereza yalikusanya watoto wa maskini yakawapeleka Kanada kufanya kazi mashambani na kwenye nyumba za watu, jumla yao wanapita 100,000. Wanaitwa Home Children, kwa sababu ya yale makao waliyotokea. Aliyetangulia ni Maria Rye, akafuata Annie Macpherson, na Barnardo, mwenye makao ya watoto London, alianza 1882 akawapita wote kwa wingi. Na hilo neno yatima usilimeze. Wengi walikuwa na mama au baba hai kabisa, ni njaa tu na kodi ya nyumba.

Sasa usianzie Uingereza, utapotea. Anzia mwisho. Muulize shemeji cheti cha kifo, cha ndoa, Biblia ya familia, nyuma ya picha kumeandikwa nini. Halafu ingia tovuti ya Library and Archives Canada, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Kanada, ni bure, wana orodha ya majina ya hawa watoto kutoka kwenye rejesta za abiria: jina, umri, meli, mwaka, bandari aliyoshukia na kundi alilosafiri nalo. Hilo kundi ndo kitu cha kushika maana linakuambia faili lake liko kwa nani. Jina likigoma jaribu herufi nyingine, karani aliandika alichosikia, na umri mpe miaka 2 mbele 2 nyuma.

Mimi hapo ndo niliponasa. Nilimpata mtoto, jina lile lile, umri ule ule, nikamfuata wiki mbili nzima nikaprinti mpaka wino ukaisha, kumbe wako wawili na wangu ni yule mwingine. Kilichoniokoa ni jeshi. Kama babu ni mwanaume na alikuwa kijana wakati wa Vita vya Kwanza, tafuta faili lake la jeshi la Kanada, wameshayaskani yote na ni bure. Kwenye fomu ya kujiandikisha kuna sehemu ya ndugu wa karibu. Yatima wetu, mwaka 1915, kaandika mama yake, jina kamili, na mtaa Stepney, London. Nilimpigia shemeji usiku, akanyamaza kwenye simu mpaka nikadhani bando limekata.

Ukishampata mama, ndo unavuka bahari kurudi. Vyeti Uingereza vimeanza 1837, na faharasa ya vizazi ya GRO, ofisi kuu ya usajili wao, inaonyesha jina la mama kabla hajaolewa, kwa hiyo wale wawili wenye jina moja wanaachana hapo hapo. FreeBMD, tovuti ya faharasa za vizazi, ndoa na vifo, nayo ni bure. Baadaye sensa: ya Uingereza ya 1891 ilimkuta mtoto ana miaka 5, mama mjane, kazi kufua nguo za watu. Upande wa Kanada sensa ya 1901 ina mwaka aliohamia, mtafute kwenye nyumba ya mkulima mwenye jina lisilo lake, ameandikwa "domestic" au "servant".

Faili la makao lenyewe unaliomba. Barnardo's bado wapo, wanatoza ada na wanataka uthibitisho wa undugu, kwa hiyo aombe shemeji mwenyewe, sio wewe. Mara nyingi kuna picha ya mtoto siku alipopokelewa. Sisi bado tunasubiri.

Ila kilichonikaa ni sensa ya Uingereza ya 1911, ile watu walijaza kwa mkono wao. Wanawake walioolewa waliulizwa wamezaa wangapi na wangapi wako hai. Mjane hakutakiwa kujaza lakini wengi walijaza tu, na karani akapiga mstari juu. Yule mama wa Stepney alijaza: waliozaliwa 5, walio hai 4. Ndani ya nyumba wapo 3. Huyo wa nne alikuwa Ontario.

Nilienda nayo Marangu Jumapili nikamsomea baba mkubwa. Akaiangalia ile karatasi muda mrefu, akauliza, "Na huyu mama alizikwa wapi?"

Sijui nimjibu nini. Kwenye sensa ya 1921 simwoni kwa lile jina, labda aliolewa tena akabadili, kwa hiyo napekua ndoa za Stepney kwanza ndo niende kwenye vifo, kuanzia 1915.