Kufunga ekskaveta ya tani 20 kwenye tela

Anza na mizani, si minyororo. Chini ya sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki, kundi la ekseli tatu zenye tairi nne kila moja haliruhusiwi kuzidi tani 24, na gari zima halizidi tani 56. Kwa hiyo sogeza mashine mbele au nyuma kwanza, ili uzito ugawanyike vizuri kwenye ekseli, kabla ya kufunga chochote.

Fagia mchanga na grisi kwenye sakafu. Chuma juu ya chuma huteleza kirahisi mno. Weka mbao au mpira chini ya viatu vya mashine (vibao vya chuma vya mkanda inaotembelea). Shusha ndoo hadi iguse sakafu, funga kizuizi cha mzunguko (kinachozuia sehemu ya juu isigeuke), zima injini.

Breki kali husukuma mzigo mbele kwa nguvu inayokaribia asilimia 80 ya uzito wake, yaani tani 16 hapa. Msuguano wa mbao huchukua sehemu tu. Ndiyo maana tumia minyororo minne ya daraja la 80 (kipimo cha nguvu ya chuma), unene wa milimita 13 (kila mmoja unahimili tani 10), miwili ikivuta nyuma, miwili mbele, pembe na sakafu isizidi digrii 45. Ile ya milimita 10, ambayo madereva wengi huipenda kwa wepesi wake, haitoshi. Ndoo ifungwe kwa mnyororo wake wa tano.

Usifunge kwenye mabomba ya haidroliki wala ngazi, na usiunge mnyororo kwa bolti. Simama ndani ya kilomita 80 za mwanzo ukaze tena: mbao zitakuwa zimebonyea.