Kukagua na kutunza sarafu za dola 2 za polisi, zimamoto na ambulansi za Australia

Ukipiga 000 nchini Australia, mhudumu anakuuliza kwanza: polisi, zimamoto au ambulansi? Namba hiyo ilianza kutumika mwaka 1961. Kwenye simu za kuzungusha, sifuri ilikuwa karibu na kizuizi cha kidole, kwa hiyo hata gizani au kwenye moshi mtu aliweza kuipapasa na kuipiga. Huduma zote tatu zimeenziwa kwenye sarafu za rangi za dola 2: kumbukumbu ya polisi mwaka 2019, zimamoto 2020 na ambulansi 2021. Ni seti nzuri sana, ila uzuri wake wote uko kwenye utando mwembamba wa wino. Ukiuharibu, imebaki sarafu ya kawaida ya dola 2.

Andaa mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), sumaku, lenzi ya kukuza mara 10, taa ya mezani na kitambaa laini. Tandika kitambaa kwanza, maana sarafu ikiponyoka ikaangukia meza tupu, ukingo hubonyea.

1. Nawa mikono, ikauke kabisa, kisha shika sarafu ukingoni tu. Jasho la vidole huacha alama kwenye shaba, na baada ya wiki chache alama hiyo hugeuka doa la kahawia lisilotoka.

2. Pima. Uzito ni gramu 6.60, kipenyo milimita 20.5. Kabla ya hapo pima dola 2 yoyote ya kawaida; hiyo nayo ikikosea, mizani ndiyo mbovu. Sarafu iliyozunguka sana hupungua kidogo kwa kulika, lakini pengo la gramu 0.2 ni kubwa mno.

3. Sogeza sumaku. Madini yake ni shaba asilimia 92, alumini 6 na nikeli 2, kwa hiyo haipaswi kunaswa. Ikinaswa, usiinunue.

4. Ishike juu na chini kwa vidole viwili, picha ikiwa wima, kisha izungushe kama mlango. Malkia Elizabeth II naye lazima atokee wima.

5. Sasa rangi, na hapa usiwe na haraka. Ilaze chini ya taa, uinamishe taa hadi mwanga upige kwa ubavu, kisha tazama kwa lenzi. Wino halali umetulia juu ya madini kwa unene mmoja na kingo zake ni safi. Rangi iliyopakwa mtaani hutuna katikati, hujaa kwenye herufi na kuvuka mistari. Linganisha na picha ya kiwanda cha sarafu cha Canberra, kipande kwa kipande.

Wapo wanaofuta rangi kwa asetoni, kimiminika kinachoyeyusha wino, kisha wanauza sarafu kwa bei ya juu wakidai ilitoka kiwandani bila rangi. Kagua mashimo madogo kandokando ya michoro: sarafu iliyofutwa karibu kila mara huacha chembe za wino humo. Hata usipoziona, dai la namna hiyo bila ushahidi wa mtaalamu lisikutoe pesa ya ziada.

6. Usiisugue. Ndimu, dawa ya meno na magadi huchubua madini. Dawa ya kutoa rangi ya kucha mara nyingi ina asetoni, nayo huondoka na wino. Kama kuna vumbi, ichovye kwenye maji yaliyotoneshwa kwa dakika moja, kisha igandamize polepole kwa kitambaa laini bila kuikokota.

7. Hifadhi kwenye kapsuli ngumu ya milimita 20.5. Epuka mifuko laini ya PVC: plastiki hiyo hutoa mafuta yanayonata na kuacha ukungu wa kijani juu ya shaba. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi ni adui mkubwa zaidi, kwa hiyo weka kapsuli kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na pakiti ya silika jeli. Ile ya buluu ikigeuka pinki imeshiba unyevu, ibadilishe. Chombo kisikae juani, rangi itapauka.

Ukitumia kadi za karatasi zenye dirisha, andika mwaka na huduma kabla ya kuingiza sarafu, kisha bana pini za stepla kwa koleo hadi zilale bapa. Pini iliyochomoza hukwaruza sarafu ya kadi ya jirani.