SOMO: Bei ya mkataba wa kupeleka maji maofisini, Jumatatu isikumalize

Wakuu, tunaosambaza chupa kubwa za lita 18.9 hapa Dar tunaijua Jumatatu. Saa mbili asubuhi simu hazipokeleki, Jumatano toyo (pikipiki ya kubebea mizigo) imelala kivulini. Bei moja ya wiki nzima ndiyo inayotuponza.

Hatua ya 1. Hesabu chupa kwa siku, wiki nne mfululizo. Tuseme toyo yako inamudu 120 kwa siku, ila Jumatatu unaombwa 180, Jumatano 60, Alhamisi 50.

Hatua ya 2. Zile 60 zinazozidi unakodi toyo ya pili kwa 40,000. Kila moja imeshakula kama shilingi 667.

Hatua ya 3. Hapa ndipo tunapoumia. Ukitangaza punguzo la 300 kwa chupa Jumatano na Alhamisi, chupa 60 zitahama, sawa, lakini na zile 110 za siku zote zitalipata. 170 mara 300 ni 51,000, nawe umeokoa 40,000. Hasara hiyo! Gawanya pengo: Jumatatu ongeza 200, katikati ya wiki punguza 100. Mteja bado anaona tofauti ya 300. Wewe unaingiza 24,000 (chupa 120 zinazobaki Jumatatu mara 200), unatoa 17,000 (170 mara 100), na toyo ya kukodi huihitaji tena.

Hatua ya 4. Mkataba utaje siku, idadi na chupa za akiba. Ofisi yenye chupa mbili tu haiwezi kungoja Jumatano hata kwa bei ya kutupa, kwa hiyo waachie mbili zaidi bila amana. Hili nilichelewa sana kulijua.

MASWALI

Mkuu, mteja wangu wa chupa 40 hataki kusikia nyongeza.
– Mpelekee Ijumaa mchana kwa bei ya zamani, Jumatatu ayakute. Akikataa na hiyo, alipe 200 zake.

Ramadhani je? Ofisi nyingine hazimalizi hata nusu.
– Kima cha chini cha chupa kwenye mkataba kishuke mwezi huo, na kiandikwe mapema. Ukimbana atavunja mkataba. Toyo ielekeze majumbani alasiri, kabla ya futari.

Wakikimbilia wote Jumatano?
– Ndiyo maana hutangazi siku, unatangaza nafasi zilizobaki kufikia zile 120 za toyo: Jumatano 60, Alhamisi 70. Zikijaa, anayefuata anapewa bei ya kawaida, au asubiri mtu atoke.